Mbu wa Chumbani kwa Mama

Wengi wenu, majirani wa Migosi na watu wa Asembo, mmeniuliza nilikuwa wapi wiki ile niliyofunga kibanda changu cha kushona pale Migosi, na kwa nini nilirudi na sanduku la plastiki lililojaa vichupa. Wengine mlisikia kwamba nimeajiriwa kufuga mbu. Sijaajiriwa. Nilisoma hadi darasa la nane, na kalamu si chombo changu, lakini nikiwasimulia mmoja mmoja najua nitapunguza hapa na kuongeza pale. Heri niandike mara moja, kila mtu asome jambo lile lile.

Safari ilikuwa ya siku sita. Nilitoka Kisumu hadi Asembo kwa mama yangu, kisha Luanda Kotieno, nikavuka ziwa hadi Mbita kwa dada yangu, halafu nikazunguka kwa barabara ya Homa Bay mpaka nyumbani.

Kabla ya kuondoka

Mnajua nashona sare za shule na marinda. Lakini nina mteja mwingine ambaye wengi wenu hamjamwona, dada anayeitwa Nerea. Yeye anafanya kazi kwenye maabara ya wadudu hapa Kisumu. Huniletea vizimba vya mbu, yaani masanduku ya wavu yenye tundu ubavuni, nami hushonea kwenye tundu hilo mkono wa kitambaa kama mkono wa shati. Mtu huingiza mkono wake humo akawalisha mbu bila hata mmoja kutoka.

Siku moja, akingoja nimalize, alinionyesha picha kwenye simu yake. Ilikuwa bawa moja la mbu, limekuzwa likawa kama jani lenye mishipa. Akaniambia kuna mbu wa malaria ambao ni kama ndugu, wamefanana hata mtu wa kazi hiyo akiwatazama kwa macho hawezi kuwatenganisha, lakini mabawa yao hayakukatwa sawasawa. Wanachofanya ni kuweka alama kila mahali mishipa inapokutana au inapofika ukingoni, alama kumi na nane. Kompyuta huondoa habari ya ukubwa, ikabaki na umbo tu. Kisha hulinganisha umbo hilo na la mabawa ya mbu ambao aina yao inajulikana.

Nilimwelewa upesi. Nikipewa mashati mawili ya saizi moja, bila lebo, naweza kusema kama yamekatwa na fundi mmoja au wawili kwa kutazama kwapa. Ukubwa haunisaidii. Mpindo wa mkasi ndio unaosema.

Nikamuuliza kuwatenganisha kuna faida gani, kwa sababu mbu ni mbu. Akasema si kweli. Mmoja hupenda kuingia ndani na kuuma watu waliolala. Ndugu yake yuko tayari kuuma nje, mapema, watu wakiwa bado wameketi uani, na asipopata mtu ng'ombe humtosha. Aliniandikia majina yao kwenye karatasi, gambiae na arabiensis. Mimi nitawaita wa ndani na wa nje, ingawa Nerea anasema huko ni kurahisisha mno.

Hapo nikaacha kushona.

Wengi wenu mlikuwepo tulipomzika binti yangu Achieng. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikwenda Asembo kwa bibi yake likizo ya Agosti, akaugua malaria, na siku ya nne ya ugonjwa hakuwa nasi tena. Nilikuwa nimempa chandarua kipya aende nacho. Siku ya maziko, mbele ya watu wote, nilimuuliza mama yangu kama chandarua kilikuwa kimefungwa. Mama hakujibu. Aliinuka kwenye kiti chake akaingia ndani. Tangu siku ile, mwaka mzima, tulikuwa tukizungumza habari za mvua na mbuzi tu.

Kwa hiyo nilitaka kujua ni mbu gani anayeishi kwa mama. Kama ni wa ndani, basi nilikuwa na haki ya kuuliza lile swali. Kama ni wa nje, nilikuwa nimemkosea mama yangu mbele ya kaburi. Nilimweleza Nerea yote. Akanisikiliza, kisha akasema kitu ambacho nilimheshimu kwacho.

"Bawa halitoi ushahidi, Fundi. Halitakuambia nani alimuuma mtoto. Litakuambia nani anakaa pale sasa."

Nikamwambia itanitosha. Kumbe yeye pia hakuwa na mbu wa Asembo wala wa Mbita katika kazi yake, akafurahi kupata mtu wa kwenda. Akanipa vichupa, mpira mrefu wa kuvutia mbu kwa mdomo, na onyo moja. Nisithubutu kukaa nje na kukunja suruali ili waje kuniuma. Niwatafute wanakopumzika.

Hadi Asembo

Gari letu liliharibika Kombewa, tukashushwa tungoje lingine. Nilinunua chapati na maharagwe, nikaketi kwenye benchi la duka, mpira wangu umechomoza kwenye mkoba. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi hapo aliutazama muda mrefu. Mwishowe akaniuliza kwa upole chungu chenyewe kiko wapi.

Sikuelewa. Akaeleza kwamba zamani babu zetu waliketi kuzunguka chungu cha pombe, kila mmoja na mrija wake mrefu, na amefurahi kuona mtu wa umri wangu anayefuata desturi. Nilimwambia huu ni wa kuvuta mbu. Akautazama tena.

"Na wewe unawavuta hadi wapi?"

Nikamwonyesha kipande cha wavu kilicho ndani ya mpira, kinachozuia mbu asifike mdomoni. Alikigusa kwa kidole, akasema hata wao walikuwa na kichujio kwenye mrija, na kwamba ni vizuri kujua kichujio bado kinafanya kazi. Nilicheka. Nilikuwa sijacheka na mtu nisiyemjua kwa muda mrefu.

Tulifika Ndori alasiri. Kutoka hapo pikipiki ilinifikisha nyumbani. Mama alikuwa uani akipepeta mtama. Alinitazama, akatazama sanduku, akauliza kama nimekula. Tunazungumza Kijaluo yeye na mimi, hapa nawaandikia kwa Kiswahili. Yeye huniita Wuon Achieng, baba yake Achieng, na hajabadilisha.

Nilimweleza kwamba nimekuja kukamata mbu kwa ajili ya watu wa maabara. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote, na naona alijua. Hakuniuliza. Aliniletea samaki mkavu wa kuchemsha na ugali wa mtama, akaketi kando kunitazama nikila.

Nerea alikuwa amenifundisha kwamba mbu wa nje wakishashiba hutafuta mahali penye giza na ubaridi. Chungu kilicholazwa ubavu huwafaa sana. Nikamwomba mama vyungu. Alitoa vitatu vya zamani vya maji, viwili vimepasuka shingo, akauliza nitaviweka wapi.

"Mahali Achieng alipokuwa akikaa jioni," nikasema.

Mama alisimama na chungu mkononi. Nilidhani atanionyesha baraza la jikoni, ambako wajukuu wote hukaa. Alinyoosha kidevu kuelekea upande wa ua, penye jiwe kubwa bapa karibu na zizi la ng'ombe.

"Pale."

Nikauliza alikuwa akifanya nini pale peke yake. Mama akasema niweke vyungu vyangu kabla giza halijaingia.

Chumbani

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wengine wenu, hasa msio wa kwetu, hamlijui. Mwanamume mzima wa Kijaluo, aliyeoa na kujenga, haingii chumba cha kulala cha mama yake. Sebuleni atakaa, chai atakunywa, lakini mlango ule wa ndani hauvuki. Ndiyo maana siku ya maziko niliuliza. Mtu mwingine angeenda kutazama kamba za chandarua kwa macho yake. Mimi nisingeweza.

Na Achieng alilala humo, kwa bibi yake, kama wasichana wanavyolala. Kwa hiyo mbu niliowataka kuliko wote walikuwa mahali nisipoweza kukanyaga.

Nilikuwa nimefikiria kumtafuta mwanamke wa jirani. Mama alipoelewa shida yangu asubuhi ile, aliuchukua mpira mkononi mwangu akaingia nao. Mimi nikabaki sebuleni, nimeupa mlango mgongo, nikimfundisha kwa maneno. Atazame nyuma ya nguo zilizotundikwa, chini ya kitanda, pembe za juu. Aweke ncha karibu na mbu kisha avute kidogo.

"Amekimbia," mama akasema kutoka ndani.

Nikamwambia asivute kwa nguvu.

"Mimi nimelea watoto saba. Nitashindwa na suna?"

Suna ndiyo mbu kwa Kijaluo. Nikasikia kitanda kikivutwa, kitu kikianguka, kisha kimya kirefu, halafu mama akikohoa na kucheka kwa pamoja. Amempata. Aliniuliza sasa amfanyeje, kwa maana akitoa mdomo anaogopa atatoka, na akiongea mbu anapanda. Haya yote aliyasema mpira ukiwa mdomoni. Nilimwelekeza ampulizie taratibu ndani ya kikombe na kukifunika kwa kitambaa. Alitafuta karibu saa nzima, ukuta kwa ukuta. Alinipitishia kikombe mlangoni kwa mkono mmoja, bila kutoka.

Ndani ya kikombe mlikuwa na mbu wanne tu.

"Nimetafuta vizuri," alisema. "Usidhani nimeficha."

Nikatoka kwenda kwenye vyungu. Nilifunika mdomo wa kila kimoja kwa kitambaa, nikakigonga ubavuni, nikasikia wanavuma humo ndani kama cherehani iliyo mbali. Kutoka vyungu vitatu nilipata zaidi ya thelathini.

Nilitaka kumpa Nerea habari njema. Simu yangu pale kwa mama haipati mtandao, na sijawahi kuhangaika nao, kwa sababu nikiwa Asembo watu ambao ningewapigia wote wako pale. Nikapanda juu ya lile jiwe kutazama kama kuna dalili. Mistari ya mtandao ikajaa yote.

Nilishuka. Mistari ikatoweka. Nikapanda tena, ikarudi.

Wiki zile tatu Achieng alipokuwa Asembo nilimpigia kila siku saa moja jioni, nikishafunga kibanda. Alikuwa na simu ndogo niliyomnunulia kwa ajili hiyo. Mpaka alipougua hakukosa kupokea hata siku moja, na kila mara alipokea mlio wa kwanza. Aliniambia habari za ndama, habari za kuku aliyeatamia kwenye kikapu cha bibi. Nusu saa, wakati mwingine zaidi. Ni mimi niliyekuwa sitaki kukata.

Nilibaki pale muda. Kisha nikaenda jikoni, mama alikuwa akichambua mboga.

"Mama, ile neti ilikuwa imefungwa?"

Hakuinua uso. "Ilifungwa. Niliifunga kwa mikono yangu kila jioni, na kila asubuhi niliikunja."

"Mbona siku ile hukusema?"

"Ningesema, ungeuliza swali la pili."

Aliweka mboga chini.

"Mbele ya watu wale wote ungeniuliza, kama neti ilifungwa, mbu walimpatia wapi. Ningejibu nini, Wuon Achieng? Mtoto alikuwa anakula haraka haraka ili awahi simu yako. Ananiambia, Dani, baba anapiga. Nimwambie asitoke? Alikuwa na furaha. Nikaona afadhali unikasirikie mimi."

Dani ni bibi. Nilichukua mboga zilizobaki nikazichambua naye mpaka zikaisha.

Barafu

Mbu walipaswa kufa bila kupondwa mabawa. Nerea alisema baridi ndiyo bora. Kwa mama hakuna friji, lakini Asembo Bay kuna barafu ya samaki, kwa hiyo nilibeba vikombe vyangu hadi ufuoni.

Huko kulitokea jambo la ajabu. Wanawake walikuwa wameanika omena, dagaa wa ziwa letu, mchangani juu ya nyavu. Niliposogea na sanduku jeupe na kalamu mfukoni, mmoja alisema neno, na nyavu zikaanza kukunjwa, omena wakimwagika. Mama mmoja mnene alikalia wake kabisa. Ndipo nikaona baadhi ya nyavu zile ni vyandarua vya kulalia, na mimi nimedhaniwa mtu wa afya aliyekuja kukagua.

"Hii ni ya zamani, daktari," yule mama akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Iko na matundu. Hata mbu ikiingia inauliza njia ya kutoka."

Nilimwambia mimi ni fundi wa nguo, mtoto wa fulani wa pale juu, na ninatafuta barafu ya mbu. Hiyo haikuwasaidia kuniamini. Nikafungua sanduku, wakaja kuchungulia. Nilipowaeleza habari ya mabawa walitaka kuona, nikawapitishia ile picha, ambayo Nerea alikuwa amenitumia kwenye simu. Mmoja alisema ni kama ramani ya mito. Wakanipeleka kwa mchuuzi wa samaki wa mbuta, akachimba nafasi kwenye sanduku lake la barafu, kati ya samaki wawili wakubwa, tukaweka vikombe. Baada ya muda mfupi mbu walikuwa wamelala chali. Niliwahamishia kwenye vichupa vyenye chembe za kukausha, kama zile zinazowekwa ndani ya viatu vipya, nikaandika kila kichupa: chumbani, jiwe.

Vya jiwe niliviandika mwisho.

Kesho yake nilimwambia mama ninaendelea na safari. Nilitaka kumwomba msamaha, maneno nilikuwa nayo. Akanipa mfuko wa njugu, akasema nikifika kwa Atieno, dada yangu wa Mbita, nimwambie amtumie dawa ya miguu. Nikaondoka bila kuyasema.

Luanda Kotieno

Feri ilichelewa kwa sababu lori moja la mchanga lilikwama pale pa kupandia, gurudumu moja majini na moja nchi kavu, na kila mtu alikuwa na shauri lake. Tulikaa saa nne. Nilinunua samaki wa kukaanga kwa mama mmoja mwenye karai kubwa, naye akauliza sanduku langu lina nini. Nikamwambia ukweli.

Kufikia wakati feri iliposogea, ufuo mzima ulikuwa unajua kuna mzee anayevusha mbu. Waliniuliza mengi. Kijana mmoja wa kubeba mizigo alitaka kujua kama hizo mbu zangu zinalipa nauli. Mwingine akauliza kama mtu anaweza kuleta mbu aliyemuuma ili ajulikane ametoka kwa nani, kwa maana jirani yake haachi kumwaga maji nyuma ya nyumba.

Muuza samaki ndiye aliyeuliza swali ambalo bado nalifikiria.

"Baba, sasa mbu ya Mbita na ya Asembo ziko na bawa moja ama tofauti? Na kama ni moja, ilivuka na feri gani?"

Watu walicheka. Mimi sikujua jibu, nikamwambia sijui, nitauliza. Nilimuuliza Nerea baadaye. Alisema wapo wanaochukuliwa na upepo, wapo wanaosafiri kwenye mitumbwi kama abiria wengine, na kwamba muuza samaki yule ameuliza jambo ambalo watu wenye shahada bado wanalitafuta.

Juu ya maji nilisimama ukingoni, sanduku kati ya miguu. Nilijaribu kuhesabu jioni nilizopiga simu. Nikaacha.

Mbita

Dada yangu Atieno ana mume mvuvi na nyumba ya mabati karibu na maji. Nililaza vyungu vyake nje usiku, asubuhi nikapata mbu wengi. Kwa kuwa nilikuwa na siku nzima ya kukaa bure, nikafanya kosa.

Nerea alikuwa ameniambia nimletee mbu wazima. Lakini nilikuwa na lenzi aliyoniazima, kibano, na utepe wa kunata unaopitisha mwanga, na vidole vya fundi haviwezi kukaa. Nikaanza kung'oa mabawa. Kila mbu nilimng'oa bawa moja, lile lililokuja kwa urahisi, la kulia au la kushoto. Nikayapanga kwenye utepe. Na kwa sababu nimezoea kupanga vipande vya nguo vitazame upande mmoja, kila bawa la kushoto nililolipata nililigeuza kifudifudi lilingane na ya kulia. Yalipendeza. Nilifanya hivyo kwa mbu wa Mbita, na kwa wa jiwe, na kwa wale wanne wa chumbani.

Atieno alikuwa akinitazama huku akisafisha samaki. Nilimweleza habari ya jiwe na simu, kwa sababu ni dada yangu. Hakushangaa sana. Kisha akaniambia jambo nililokuwa silijui.

Mama haendi sokoni. Tangu maziko hajakanyaga huko, na kikundi chake cha akina mama cha kanisani ameacha. Kila alipopita aliulizwa habari ya neti. Wengine walimuuliza kwa huruma, wengine kwa kejeli. Mmoja alimletea neti ya bure, akamwambia mbele ya wenzake, hii ufunge.

"Wewe uliuliza mara moja ukarudi Kisumu," Atieno akasema. "Yeye anaulizwa kila siku."

Chakula kilikuja, mbuta mbichi kwa nyanya, na ninajua kilikuwa kizuri kwa sababu kila mtu alisema hivyo.

Kurudi Kisumu

Nilirudi kwa barabara, Homa Bay, Kendu Bay, nikiizunguka ghuba yote na vichupa vyangu mapajani. Sikungoja kufika nyumbani. Nilishukia maabara.

Nerea alipoona utepe wangu aliketi. Akaniuliza lipi ni la kulia na lipi ni la kushoto. Nikamweleza kwa majivuno kwamba nimeyageuza yote yalingane. Akafunika macho kwa kiganja.

Mabawa mawili ya mbu mmoja, alisema, hayalingani kabisa, kama miguu ya mtu isivyolingana. Tofauti kati ya wale mbu ndugu ni ndogo vilevile. Ukichanganya kulia na kushoto unaweza kumhesabu wa ndani kuwa wa nje. Ndiyo maana wao hutumia ya kulia peke yake. Nilidhani nimeharibu safari yote, na la mama nimeliharibu pia.

Kilichoniokoa ni kwamba miili niliihifadhi, kila mmoja na bawa lake lililobaki na namba yake. Tulikaa naye siku mbili. Aliyekuwa amebaki na bawa la kulia mwilini tulilichukua hilo, aliyebaki na la kushoto tulijua la kwenye utepe ndilo la kulia. Alinifundisha kuweka alama mwenyewe kwenye kompyuta, kumi na nane, pale mishipa inapokutana. Mkono wangu hautetemeki, akaniachia nimalizie ya jiwe. Nawaambia ukweli, kwa muda ule nilisahau kwa nini nayafanya. Bawa la mbu ni kitu kilichoshonwa vizuri sana.

Kisha kompyuta ikalinganisha.

Wale wanne wa chumbani, watatu walikuwa mbu wa chooni, wale wenye kelele ambao hawabebi malaria. Wa nne alikuwa mmoja wa ndani. Mmoja tu, katika chumba kizima kilichotafutwa na mwanamke aliyetafuta saa nzima. Wa kwenye jiwe, karibu wote, umbo la bawa liliangukia kwa wa nje. Nerea alinikumbusha mara mbili kwamba bawa hukisia vizuri lakini hukisia, na kwamba miguu ya mbu wale itapimwa kwa njia nyingine kuhakikisha. Majibu ya miguu hayajatoka ninapoandika.

Nikamuuliza, kwa hiyo ni simu yangu.

"Sijui, Fundi," akasema. "Na wewe hujui. Hawa ni mbu wa mwaka huu. Yeye huenda aliumwa kisimani, huenda aliumwa Kisumu kabla hajasafiri. Ninachojua ni mabawa haya."

Hakunipa pole wala hakunipiga bega. Alinipa nafasi kwenye benchi, nikakaa.

Mke wangu nilimwambia yote kabla sijayaandika. Mama nilimpigia mchana, kwa simu ya jirani mwenye mtandao, nikamwomba ule msamaha niliorudi nao. Alisikiliza. Akauliza ni mbu wangapi wa kwake walikuwa wabaya. Nikamwambia mmoja. Akasema huyo alimwona, alikuwa nyuma ya koti la marehemu baba, na alimpa shida sana kumkamata.

Nilimwambia pia kwamba nitawaandikia nyinyi. Alifikiri kidogo, akaniomba niandike habari ya neti, habari ya jiwe niiache. Hilo nimemkatalia. Nikiiacha, bado mtajiuliza kwa nini alinyamaza, na mtaenda kumuuliza.

Nyinyi mliokuwepo siku ya maziko mlinisikia nikiuliza, na nilisema kwa sauti kubwa. Jibu ni kwamba chandarua kilikuwa kimefungwa, kila jioni, na mama yangu ndiye aliyekifunga. Amesema Alhamisi atajaribu kwenda sokoni. Mkimwona, mpisheni anunue chumvi yake.